Setilaiti ya Ngomeni iliyopita juu ya Uvira

Tarehe 12 Desemba 1970, saa saba na dakika 53 mchana kwa saa za Kenya, roketi aina ya Scout iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilielekea mashariki. Mzigo wake ukavuka Bahari ya Hindi, Pasifiki, Amerika ya Kusini na Atlantiki, na kabla saa mbili hazijatimia ulikuwa umeingia katika anga la Kongo kutokea magharibi, ukaipita milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, ukarudi ulikotoka.

Mzigo huo ulikuwa setilaiti ya kilo 140 hivi. Ilipewa jina la Uhuru, kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala. Njia yake iliinama nyuzi tatu tu kutoka kwenye ikweta, nasi wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, tuko nyuzi tatu na kidogo kusini ya ikweta. Kwa hiyo kila ilipoizunguka dunia, yaani kila baada ya dakika mia moja na kitu tukihesabu kutoka hapa chini, ilipita katika anga letu: mara nyingine karibu na utosi wa mji, mara nyingine upande wa kaskazini, lakini haikupita mbali zaidi ya kilomita 700 na kitu. Mara 14 hivi kwa siku, kwa zaidi ya miaka miwili, chombo hicho kilipita juu ya Kavimvira, Mulongwe na Kalundu kikiwa kinasikiliza anga. Wavuvi na wachuuzi waliokuwa chini yake hawakuwa na namna ya kujua.

Wanasayansi wengi wanaijua Uhuru kwa mashimo meusi, na sifa hiyo ni yake kwa haki. Mimi nataka kusimulia jambo jingine ililolianzisha, ambalo kwangu lina uzito zaidi: habari ya gesi iliyotapakaa kati ya galaksi, jinsi ilivyopata joto, na nini kiliipasha tangu ulimwengu ukiwa mchanga.

Kwanza gesi yenyewe. Galaksi, yaani majiji makubwa ya nyota kama hili letu tunaloliona usiku likikatisha anga, haziko katika utupu mtupu. Kati yao kuna haidrojeni na heliamu, nyembamba kupita hewa yoyote tunayoweza kuitengeneza katika maabara, lakini kwa kuwa eneo lake ni kubwa mno, jumla yake inazishinda nyota zote kwa uzito. Gesi hiyo ndiyo mabaki ya mwanzo wa ulimwengu. Miaka 380,000 hivi baada ya mlipuko mkuu, joto lilishuka hadi nyuzi elfu tatu, elektroni zikashikamana na viini, na atomi za kwanza zikatulia. Kukafuata giza. Hakukuwa na nyota hata moja. Kisha, baada ya miaka milioni mia moja au mia mbili, nyota za kwanza zikawaka, na mwanga wao mkali ukaanza kuzing'oa tena elektroni kutoka katika atomi za haidrojeni zilizokuwa zimezunguka kila upande. Mwanga wenye nguvu ya kufanya hivyo huitwa mionzi ya kuionisha, na atomi iliyopoteza elektroni yake huitwa ioni. Kufikia mwaka wa bilioni moja hivi wa umri wa ulimwengu, karibu gesi yote ya kati ya galaksi ilikuwa imegeuka ioni, na imebaki hivyo mpaka leo.

Kazi hiyo ilivyoendelea inaonekana vizuri kwa mtu aliyesimama ufukweni Kalundu usiku wa giza la mwezi, mitumbwi ikiwa imetoka na karabai kuvua ndagala na mikeke. Taa ya kwanza inapowashwa, hufanya duara lake dogo juu ya maji, na nje ya duara ni weusi. Zikiwashwa nyingine, kila moja ina duara lake. Zikizidi na kusogeleana, maduara hugusana, huingiliana, na weusi uliobaki kati yake hukatikakatika. Nyota za kwanza zilifanya hivyo ndani ya gesi: kila galaksi changa ilijichimbia tundu la ioni, matundu yakakua mamia ya mamilioni ya miaka, yakaungana.

Watu wa Uvira wamewahi kuitumia gesi ya ioni bila kuiita jina hilo. Kabla ya simu za mkononi kuenea, mtu aliyekuwa na ndugu Fizi au Kalemie alikwenda kwenye foni, yaani redio ya kuzungumzia, akasubiri zamu yake, akazungumza kwa sauti ya juu huku kila aliyekuwepo akisikia habari za msiba au za bei ya mafuta ya mawese. Mawimbi ya foni hayakupita katikati ya milima. Yalipanda hadi kwenye ionosfera, tabaka la hewa nyembamba lililo kilomita mia moja hadi mia nne juu yetu, ambako miale mikali ya jua imezing'oa elektroni kutoka katika atomi, na huko yakarudishwa chini upande wa pili. Mwendeshaji foni mzoefu alibadili masafa asubuhi na jioni, kwa maana jua likizama elektroni nyingi hurudi kwenye atomi na tabaka hubadilika. Fizikia ya jioni ile ya foni ndiyo fizikia ya ulimwengu mchanga. Tofauti iko katika ukubwa wa eneo na wembamba wa gesi.

Basi tatizo la wanaastronomia lilikuwa hili: utaionaje gesi isiyoonekana? Mwaka 1965, James Gunn na Bruce Peterson wa chuo cha Caltech huko Marekani walipiga hesabu fupi ambayo mpaka leo hufundishwa kwa majina yao. Walichukua mwanga wa kwasa (kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa mno) aitwaye 3C 9, aliyekuwa wa mbali kuliko wote waliojulikana wakati huo, wakauliza: kama gesi iliyo njiani ingekuwa na atomi nzima za haidrojeni, rangi gani ya mwanga ingemezwa? Jibu ni kwamba hata sehemu ndogo sana ya atomi nzima ingetosha kuufuta kabisa mwanga huo. Lakini mwanga ulikuwa umefika. Kwa hiyo gesi ilikuwa imekwisha kuionishwa. Hesabu ile ilieleza gesi haikuwa katika hali gani. Haikueleza ina joto kiasi gani, wala imekusanyika wapi, wala imechanganyika na nini. Kwa hayo ilihitajika miale eksi, na miale eksi haifiki ardhini kwa sababu hewa yetu huimeza yote. Ni lazima uifuate juu.

Riccardo Giacconi, Mwitalia aliyehamia Marekani, pamoja na Herbert Gursky, Frank Paolini na Bruno Rossi, waliifuata tarehe 18 Juni 1962 kwa roketi ndogo iliyorushwa kutoka White Sands, New Mexico. Roketi ilikaa juu ya hewa kwa dakika chache tu kisha ikaanguka. Katika dakika hizo walikuta chanzo kikali cha miale eksi katika kundi la nyota la Nge, kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Kwa miaka minane iliyofuata elimu hii iliishi kwa dakika chache-chache za namna hiyo. Giacconi alitaka chombo kitakachobaki juu miaka.

Hapa ndipo pwani ya Kenya inapoingia, na inaingia kwa sababu za kisayansi kabisa. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe za mionzi zilizonaswa na sumaku ya dunia, hasa zile zilizojaa juu ya Atlantiki ya kusini, ambazo zingekipigia kelele chombo cha kusikiliza miale eksi. Tena roketi inayorushwa kutoka karibu na ikweta hupewa msukumo wa bure na mzunguko wa dunia. Marekani haikuwa na uwanja mahali kama hapo. Italia ilikuwa nao: profesa na mwanajeshi wa anga Luigi Broglio wa Roma alikuwa ameyafikisha majukwaa mawili ya chuma katika Ghuba ya Ungwana, Santa Rita mwaka 1964 na San Marco mwaka 1966. La kwanza lilikuwa chombo cha kuchimbia mafuta, la pili lilikuwa mali ya jeshi la Marekani. Mwaka 1967 setilaiti ya Kiitaliano, San Marco 2, ilirushwa kutoka hapo. Uhuru ilipofuata, ikawa setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na wafanyakazi wa nchi nyingine. Aliyesimamia mradi kwa upande wa NASA alikuwa Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington, mwaka 1951. Yeye ndiye aliyechagua jina.

Ngoja niseme kidogo kuhusu kifaa chenyewe, maana uzuri wake ni wa namna ambayo fundi yeyote atauheshimu. Ndani ya Uhuru kulikuwa na visanduku vyenye dirisha jembamba la metali ya berili, vikiwa vimejazwa hasa gesi ya arigoni, na nyaya nyembamba zenye umeme mkali zikipita katikati. Mwale eksi ukipenya dirishani, hugonga atomi ya arigoni na kuing'oa elektroni. Elektroni hiyo hukimbilia waya, njiani huzing'oa nyingine, na mpwito wa umeme huhesabiwa. Yaani chombo kiliihesabu mionzi kwa kuiacha ifanye ndani ya sanduku kile kile inachofanya huko nje: kuionisha gesi. Pande mbili za setilaiti zilikuwa na visanduku hivyo, upande mmoja ukitazama kipande chembamba cha anga na mwingine kipande kipana, na setilaiti nzima ilijizungusha taratibu, mara moja kwa dakika 12, ikifagia anga kama mtu anayegeuka polepole mahali pamoja. Katika maisha yake iliorodhesha vyanzo 339.

Miongoni mwa vyanzo hivyo kulikuwa na Centaurus X-3, kilichopwita kila sekunde 4.8, na Hercules X-1. Kutoka kwa hivi viwili ilifahamika kwamba kuna nyota pacha ambamo mmoja, mzoga wa nyota iliyokufa, humnyonya mwenzake. Gesi inayonyonywa huanguka kwa kasi mno, hupata joto la mamilioni ya nyuzi, na hutoa miale eksi. Cygnus X-1 ilikuwa ya namna hiyo pia, ila mnyonyaji wake alikuwa mzito kupita kiasi, na ndiye aliyekuja kukubaliwa kuwa shimo jeusi la kwanza kutambuliwa. Msomaji awakumbuke mapacha hawa.

Lakini kulikuwa na vyanzo vingine ambavyo havikupwita wala kubadilika. Katika kundi la galaksi la Coma, ambalo mwanga wake husafiri miaka milioni 320 hivi kutufikia, na katika lile la Perseus, miale eksi haikutoka katika nukta. Ilitoka katika eneo pana, kana kwamba nafasi yenyewe kati ya galaksi inawaka. Gursky na wenzake waliliandika la Coma mwaka 1971. Je, ni gesi yenye joto la kutisha, au ni elektroni za kasi zinazogongana na mwanga mkongwe wa ulimwengu? Mabishano yalidumu miaka kadhaa, na kila upande ulikuwa na hoja nzito.

Jibu lilitoka Ngomeni tena. Tarehe 15 Oktoba 1974 jukwaa lile lile lilirusha setilaiti ya Waingereza, Ariel 5. Mwaka 1976 watafiti wake walitangaza kwamba katika miale eksi ya Perseus kuna alama ya chuma: mstari mmoja wa nishati ambao hutolewa tu na atomi za chuma zilizong'olewa karibu elektroni zake zote. Hakuna elektroni za kasi zinazoweza kuigiza alama hiyo. Ilikuwa gesi, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, nyembamba kiasi cha chembe moja kwa lita, na ina uzito kuliko nyota zote za galaksi zilizomo ndani yake. Na chuma hakikuwepo mwanzoni mwa ulimwengu. Hupikwa ndani ya nyota na kumwagwa zinapolipuka. Kwa hiyo gesi hiyo ilikuwa na historia. Sehemu yake ilikuwa imepita ndani ya nyota, ikatapikwa, ikarudi kutangatanga.

Setilaiti tisa zilirushwa kutoka San Marco kati ya 1967 na 1988. Uhuru yenyewe ilinyamaza mwaka 1973 na kuungua katika hewa ya dunia mwezi Aprili 1979. Miaka hiyo hiyo upande wetu wa ziwa nao ulikuwa na roketi: kampuni ya Kijerumani OTRAG ilipewa na serikali ya Zaire eneo kubwa Shaba kaskazini, ikajaribu roketi zake mwaka 1977 na 1978 juu ya bonde la Luvua, kisha ikafukuzwa 1979. Hakuna setilaiti iliyotoka huko wala elimu iliyobaki kwa wenyeji, na nikiilinganisha na hadithi ya Ngomeni naona uchungu, kwa sababu ardhi na ikweta tulikuwa nazo sawa.

Majukwaa ya Ngomeni sasa yamebaki yakila chumvi, lakini kituo cha mawasiliano ufukweni hakijafungwa. Antena zake Malindi zimekuwa zikipokea data za vyombo vya miale eksi na gama, kikiwemo Swift, kilichorushwa na NASA mwaka 2004 kuwinda milipuko ya miale ya gama. Nacho ndicho kilichoifikisha hadithi hii kwenye ulimwengu mchanga wenyewe.

Tarehe 4 Septemba 2005, saa tisa na dakika 51 usiku kwa saa za Uvira, Swift ilinasa mlipuko katika kundi la nyota la Samaki. Nimezipiga hesabu za anga la usiku ule. Kundi la Samaki lilikuwa juu kabisa upande wa magharibi wa anga letu, na mwezi ulikuwa mpya, yaani ni giza lile ambalo wavuvi wa ziwa hili hulisubiri. Mionzi ya mlipuko huo, ulioitwa GRB 050904, ilidumu zaidi ya dakika tatu ikinyesha juu ya nusu hii ya dunia, ikaishia kwenye hewa. Siku tatu na kitu baadaye darubini ya Wajapani iitwayo Subaru, iliyoko Hawaii, ilichambua mwanga hafifu uliobaki. Umbali ulipopimwa, ilionekana mwanga umesafiri miaka bilioni 12.8. Nyota iliyolipuka ilikufa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 900 hivi.

Mwanga wa mlipuko wa namna hii una faida moja kubwa. Kwasa huwa amekaa mamilioni ya miaka akiionisha gesi iliyomzunguka, hivyo ushahidi wa jirani yake umekwisha kuharibika. Mlipuko wa nyota moja huja na kuondoka kabla haujaibadili gesi ya mbali. Tomonori Totani na wenzake walikagua jinsi mwanga wa GRB 050904 ulivyomezwa na haidrojeni, wakatenganisha haidrojeni ya galaksi yake na ile ya njiani, na mwaka 2006 wakaeleza kwamba gesi ya kati ya galaksi ya enzi hiyo ilikuwa tayari imeionishwa kwa kiasi kikubwa. Gunn na Peterson walikuwa wameuliza swali hilo kwa mwanga wa kwasa. Miaka 41 baadaye lilijibiwa kwa mwanga wa nyota moja iliyokufa.

Likabaki swali la joto. Kabla nyota hazijaionisha gesi, je, ilikuwa baridi kabisa au kuna kilichoipasha? Mwanga wa kawaida wa nyota changa humezwa karibu na zilipo, hauwezi kupenya mbali. Miale eksi inaweza. Inaweza kuvuka maeneo makubwa ya haidrojeni nzima, ikiing'oa elektroni hapa na pale na kuiachia joto. Ili kuipima, wanaastronomia hawatafuti mwanga wa nyota bali mawimbi ya redio ya haidrojeni yenyewe, yenye urefu wa sentimita 21 yalipotoka na mita kadhaa yanapotufikia. Katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini, umejengwa mtandao wa HERA, wenye mabakuli 350 ya waya, kila moja upana wa mita 14, yote yakitazama juu moja kwa moja bila kugeuka.

HERA haijayasikia mawimbi hayo bado. Ila kimya chake kina habari, kwa sababu gesi iliyo baridi sana ingetoa ishara kubwa ambayo ingekwisha kuonekana. Kutokana na kimya hicho watafiti wake walieleza, mwaka 2022 na 2023, kwamba ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka milioni 650 hivi, gesi ya kati ya galaksi ilikuwa imekwisha kupashwa joto kabla haijaionishwa yote. Wanaotajwa zaidi kuwa waliipasha ni nyota pacha za miale eksi, mizoga inayowanyonya wenzake ndani ya galaksi za kwanza. Ni jamii ile ile ya Centaurus X-3 na Hercules X-1, ambayo ilifahamika kwa mara ya kwanza kutokana na visanduku vya arigoni vilivyorushwa Ngomeni na kupita juu ya Uvira kila dakika mia moja na kitu. Data za mabakuli ya Karoo zinaendelea kuchambuliwa, na wenye kuzisoma wanatarajia kujua ni mapacha wa uzito gani, na walianza lini.